Uliza Sista: Usilaumu Kiti cha Matatu, Angalia Muda Unaokaa Chooni

Mwezi huu barua zenu karibu zote ni za bawasiri, na zingine mtu amezunguka mistari kumi akiniuliza hali ya watoto wangu kabla aseme ukweli kwamba anatoka damu akienda haja kubwa. Hapa msione aibu jamani. Nimekuwa nesi miaka mingi na huu ugonjwa nimeuona kwa pasta, kwa mwalimu, kwa mama mboga, kwa vijana wa kampasi, na kitu huniuma ni venye watu hukaa nao kimya miaka wakilaumu pilipili, wakilaumu kiti chenye joto, wakilaumu jiwe walilokalia wakiwa wadogo, na kumbe kile kinachowaumiza wanakifanya kila asubuhi mlango ukiwa umefungwa. Kwa hivyo leo tunaiongea wazi.

Sista habari yako. Mimi ni dereva wa matatu, ruti ya Embakasi hadi tao, naamka saa kumi usiku narudi nyumbani saa nne. Tangu Krismasi naona damu nyekundu kwa tishu nikimaliza haja, haiumi, lakini kuna kitu kinachomoza halafu kinarudi chenyewe. Makanga wangu anasema ni joto la injini, ati madereva wote lazima waishie na bawasiri juu kiti kinachemka. Siku ya ofu nafasi yangu ya kupumzika ni chooni, naingia na simu naangalia magoli hata nusu saa. Sasa niache hii kazi ama ninunue mto niweke kwa kiti? — Dereva, Embakasi

Ndugu yangu, kazi usiache, na mto nunua ukitaka lakini si dawa.

Kwanza ujue bawasiri si kitu kigeni kimekuingia. Kila mtu, hata mtoto, ana vijimito laini, kama mito midogo ya kulalia, ndani ya njia ya haja kubwa, vimejaa mishipa ya damu, na kazi yake ni kusaidia kufunga ile njia ili hewa na choo visitoke ovyo. Shida inaanza pale vijimito vinapovimba na ile nyama inayovishikilia inapolegea, basi vinaanza kuteremka, choo kigumu kikipita kinavikwaruza na damu inatoka. Zile za ndani haziumi manake huko ndani hakuna mishipa ya maumivu kama ile ya ngozi ya nje, ndio maana wewe unaona damu tu. Madaktari huzipanga kwa daraja nne: ya kwanza inatoa damu tu bila kuchomoza, ya pili inachomoza na kurudi yenyewe, ya tatu lazima uirudishe na kidole, ya nne haitaki kurudi kabisa. Kwa venye umeeleza, kama kweli ni bawasiri basi wewe uko ya pili, na hapo bado mambo mengi yanaweza kurekebishwa bila kisu.

Sasa kuhusu kiti. Najua hii inasemwa kila steji na mimi nimeisikia tangu nikiwa mdogo, lakini joto la kiti halileti bawasiri. Hata kule kukaa tu kwenye kiti cha kawaida ushahidi wake ni dhaifu kuliko watu wanavyofikiria. Kuna utafiti ulitolewa Marekani mwaka 2015, waliangalia watu 2,813 waliokuwa wanapimwa utumbo kwa kamera, na 1,074 kati yao wakakutwa na bawasiri. Waliokuwa na tatizo la kufunga choo, yaani choo kigumu kisichotoka, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nazo, waliokula nyuzinyuzi za nafaka kwa wingi walikuwa na uwezekano mdogo, na wale wanaokaa sana hawakuonekana kuwa hatarini zaidi ya wengine. Sisemi kukaa siku nzima ni kuzuri kwa afya yako, hapana, ila kama unatafuta mwenye makosa hapo sipo pa kuanzia.

Pa kuanzia ni ile nusu saa ya magoli. Ukikaa kwenye kiti cha matatu makalio yako yameshikiliwa kote, lakini kiti cha choo kina shimo, sehemu ya chini inaning'inia bila kushikiliwa na chochote, damu inajaa kwenye vile vijimito na inakaa huko. Ongeza kwamba mtu akikaa muda mrefu anajikamua tena na tena hata kama haja imeisha. Mwaka 2025 watafiti wa hospitali moja Boston walitoa matokeo ya watu wazima 125 waliokuwa wanakuja kupimwa utumbo, na wale waliokuwa wanaingia na simu chooni walikuwa na uwezekano wa bawasiri ulio juu kwa asilimia 46 kuliko wasioingia nayo. Ni utafiti mdogo na hauthibitishi kwamba simu ndiyo iliwaletea, lakini walipoulizwa muda, wenye simu ndio walikuwa wengi zaidi kwa wale wanaopitisha dakika tano. Simu yenyewe haina sumu, inakusahaulisha tu kuinuka.

Halafu kuna ile sehemu ya kazi yako ambayo hukuandika lakini mimi naijua juu nimeishi hii Nairobi. Hunywi maji asubuhi manake ukinywa utasimama wapi, barabara ya Outering imejam na choo hakuna. Haja ikikubana saa moja asubuhi unaizuia juu gari imejaa na tajiri anataka hesabu yake, unakuja kuikumbuka saa tatu usiku na wakati huo imeshaenda. Utumbo mpana kazi yake ni kunyonya maji, kwa hivyo choo kikingojea huko ndani masaa kinazidi kukauka, kikija kutoka ni kama mawe na lazima ujikamue. Chakula nacho ni chipsi, smoki, chapati na chai, usiku ugali wa unga mweupe na nyama. Nyuzinyuzi ziko wapi hapo? Hiyo ndiyo inakuletea bawasiri, si injini.

Kwa hivyo fanya hivi. Ukishakunywa chai ya asubuhi jipe dakika chache kabla ya kuondoka, manake tumbo likipokea chakula linasukuma kile cha chini, huo ndio wakati wake wa kawaida na ukiuheshimu kila siku mwili unazoea. Simu iache kitandani. Haja isipokuja ndani ya dakika tano inuka utoke, itakuja. Kama choo chako ni cha kukalia weka kigoda kidogo chini ya miguu ili magoti yapande juu ya kiuno, ile njia inanyooka na hulazimiki kusukuma sana, na kama ni cha kuchuchumaa tayari uko sawa. Maji beba chupa unywe kidogo kidogo. Chakula, lenga gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku, na usiogope hiyo hesabu, kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa kina zaidi ya gramu 10. Githeri, ndengu, nduma, viazi vitamu na maganda yake, sukuma, avokado, papai, unga wa posho mili badala ya ule uliokobolewa. Ongeza polepole kwa wiki kadhaa manake ukirukia yote siku moja utajaa gesi na abiria watashuka. Kuna pia isapgoli, maganda ya mbegu yenye nyuzinyuzi nyingi, yanapatikana kwa duka la dawa na maduka ya Wahindi, unakoroga kwa maji mengi unakunywa papo hapo, na hayo ni dawa nzuri kabisa kwa damu ya bawasiri, lakini ukiyala bila maji ya kutosha yatakuziba zaidi.

Na nenda upimwe. Damu ni damu, sitakuambia kutoka hapa kwa gazeti kwamba nina uhakika ni bawasiri. Kama itakuwa hiyo na haitulii na chakula, kuna njia ya kufunga kijimpira kidogo kwenye shina la bawasiri ya ndani, inakosa damu, inakauka na kudondoka baada ya siku kadhaa, na wengi hufanyiwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Sista, nina mimba ya miezi nane, naishi Pipeline. Ile ya kwanza sikupata hii shida. Saa hii choo kinakuja baada ya siku tatu ama nne, ni kigumu, kimekuwa cheusi, na huku nje nina uvimbe unaowasha. Jirani ameniambia niache zile tembe nilipewa kliniki juu ndizo zinafunga tumbo. Na kusema ukweli choo chetu ni cha ploti, tunatumia nyumba kumi na mbili, usiku siendi hata nikibanwa. — Mama K

Mama K, pole sana mpenzi, na jirani amesema nusu ya ukweli. Tembe za kuongeza damu unazopewa kliniki mara nyingi huwa na miligramu 60 za madini ya chuma pamoja na folik asidi, na ni kweli chuma kinaweza kufunga tumbo, na pia kinafanya choo kiwe cheusi, huo weusi wa tembe peke yake usikuogopeshe. Lakini usiziache kwa kichwa chako. Umebakisha mwezi mmoja kujifungua na kujifungua kunatoka damu, mama mwenye damu kidogo anaweza kupotea kwa ile damu ambayo mwingine angeivumilia. Mwambie nesi wa kliniki zinakusumbua, wanaweza kukubadilishia ama kupanga venye unazimeza, na kuna dawa ya maji ya kulainisha choo inaitwa laktulosi ambayo mjamzito anaweza kupewa. Na usizimeze na chai, chai inazuia chuma kuingia mwilini, sasa utakuwa umefunga tumbo bure.

Tembe si kitu cha pekee. Ujauzito wenyewe uko kwa orodha ya mambo yanayoleta bawasiri: homoni ya projesteroni inalegeza utumbo ukawa mzito kusukuma, na inalegeza kuta za mishipa, halafu mtoto anavyokua tumbo la uzazi linakandamiza mishipa inayorudisha damu kutoka chini, ndio maana shida huzidi miezi ya mwisho kama wewe. Siku ya kusukuma mtoto zinaweza kutokeza zaidi, usishtuke. Kwa wengi hupungua zenyewe wiki za baada ya kujifungua, mradi choo kiwe laini.

Hiyo ya choo cha ploti ndiyo imenikaa moyoni. Wanawake wengi sana huku kwetu wanajizuia usiku kwa sababu ya giza na usalama, wanapunguza hata maji ya jioni ili wasibanwe, na hakuna anayeuandika huo kama ugonjwa lakini unawafunga tumbo mwaka baada ya mwaka. Siwezi kukuambia utoke peke yako saa saba usiku. Ninachokuomba ni kunywa maji kwa wingi asubuhi hadi saa kumi jioni, ule papai ama ndizi mbivu na ndengu mchana, na uende asubuhi mapema kabla ya foleni ya watu wa kazi, hata kama haja ni kidogo. Uvimbe unaowasha kalia maji ya uvuguvugu kwa beseni safi dakika kumi hadi kumi na tano, mara mbili tatu kwa siku, ukaushe polepole bila kusugua. Usipake dawa yoyote ya kupaka bila kuuliza kliniki. Na ukiona damu imetoka njia ya uzazi, hapo usitafute sababu, kimbia hospitali.

Sasa sista. Nabeba magunia pale Gikomba. Juzi Jumatatu nimeinua gunia la viazi nikasikia kitu kama kimepasuka huku nyuma, jioni nikagusa nikakuta uvimbe mgumu kama harage, rangi ya zambarau, siwezi kukaa, siwezi kukohoa. Kuna mzee hapa anatoboa na wembe. Nikubali? — Kijana wa mkono

Usikubali. Tafadhali usikubali hata kama anakufanyia bure.

Hiyo inaonekana ni bawasiri ya nje ambayo damu imeganda ndani yake, na hizo za nje huuma vibaya juu ngozi ya huko imejaa mishipa ya maumivu. Ukienda hospitali mapema, ndani ya masaa 72 hivi tangu ianze, daktari anaweza kukudunga ganzi na kuitoa na unapata nafuu haraka. Ukipitisha hizo siku maumivu yenyewe huanza kushuka, basi mara nyingi watakuacha na dawa ya maumivu, maji ya uvuguvugu na ya kulainisha choo, na ile donge inanyonywa polepole na mwili kwa wiki chache. Wembe wa Gikomba utakuletea usaha mahali ambapo choo kinapita kila siku. Ukipata homa ama uvimbe ukizidi kuwa mkubwa na moto, nenda siku hiyo hiyo.

Kuhusu kubeba: mtu akiinua kitu kizito huku amefunga pumzi, presha ya tumbo inapanda na kusukuma damu chini, ni ule ule msukumo wa kujikamua chooni. Ushahidi hauna nguvu kama wa kufunga choo lakini naiamini inachangia, hasa kwa mtu ambaye tayari tumbo lake ni gumu. Inua kwa magoti, toa pumzi ukiinua, na zile asubuhi mnaanza na chai kavu na mandazi ongezeni maharagwe. Hata nyinyi wa jimu mnaofunga pumzi na vyuma vizito, hii inawahusu.

Dada, mimi ni mzee wa miaka 61, mstaafu, Kahawa West. Bawasiri ninayo miaka miwili, nilinunua krimu kwa duka la dawa na nikanunua pia mitishamba ya mtu ameweka karatasi kwa nguzo ya stima. Damu inaenda inarudi. Siku hizi ni nyeusi-nyeusi imechanganyika na choo, mara naharisha mara nafunga, na mshipi nimetoboa matundu mapya juu suruali inaanguka. Ndugu yangu alikufa na saratani ya utumbo. Nataka krimu yenye nguvu zaidi. — Mzee J.

Mzee wangu, shikamoo. Sitakupa jina la krimu. Nakuomba wiki hii, si mwezi ujao, uende hospitali umwambie daktari haya haya manne uliyoniandikia: damu imechanganyika na choo, choo kimebadilika tabia, umepungua kilo bila kutaka, na ndugu wa damu alikuwa na saratani ya utumbo. Kila moja peke yake inatosha kutafutwa sababu, zote pamoja hazipaswi kungoja. Damu ya bawasiri kwa kawaida ni nyekundu mbichi, inadondoka ama inabaki kwa tishu, haijachanganyika ndani. Na bawasiri haimkondeshi mtu.

Sijasema una saratani. Inaweza kuwa kidonda cha utumbo, inaweza kuwa amiba, na kama umewahi kulima mpunga huko Mwea hata kichocho cha tumbo kinatoa damu kwa choo. Lakini hayo yote hayaonekani kwa macho ya muuza dawa. Utapimwa damu waone kama imepungua, watapima choo, watakuchunguza kwa kidole, na kwa hali yako omba kabisa uandikiwe kolonoskopi, ile kamera nyembamba inayopitishwa ukiwa umepewa dawa ya kutuliza. Ikiwa kuna uvimbe mdogo unaweza hata kutolewa papo hapo kabla ugeuke kitu kingine. Wanaume wengi wa rika lako wanakataa kile kidole kwa sababu ya heshima yao, na nimeona familia zikizika kwa sababu hiyo. Mwambie kijana wako akusindikize. Na watoto wako wenyewe waambie kuhusu baba mdogo wao, nao wanapaswa kumwambia daktari wao hiyo historia.

Karatasi za kwenye nguzo achana nazo. Zingine ni dawa za kuchoma nyama, na nimeona mtu amechomwa hadi njia imekaza hawezi kutoa choo.

Sista, pilipili na nyama choma huleta bawasiri? Na mamangu alikuwa nazo, mimi nina 23, nitazirithi? — Binti wa South B

Pilipili hailetei mtu bawasiri. Inaweza kukuchoma ikitoka kama tayari una mchubuko, basi. Nyama choma shida yake ni kile ambacho haiji nacho: sahani ya nyama na ugali na pombe bila mboga, kesho yake choo hakitoki. Kama ni lazima, agiza na sukuma na kachumbari ya kutosha na unywe maji.

Ya mama, ni kweli bawasiri huonekana kwa familia moja zaidi, labda ni nyama za mwili zilizo dhaifu, labda ni kwa sababu mnakula sahani moja na kuwa na tabia moja, yote mawili yanawezekana. Huwezi kubadilisha mama. Umri pia huwezi, zinaonekana zaidi kati ya miaka 45 na 65 manake ile nyama ya kushikilia inalegea na miaka. Una 23, choo chako kikiwa laini na haukai humo na simu umeshafanya sehemu kubwa.

Mimi swali langu ni fupi. Naona aibu. Nikifika hospitali nitasema nini pale mbele ya watu? — Mwanafunzi, Ngara

Pale kwa dirisha la kuandikisha sema tu "nina tatizo la tumbo na choo," inatosha, hawana haki ya kukuhoji mbele ya foleni. Ukiingia ndani mlango ukafungwa, ndipo useme: natoka damu, tangu lini, rangi gani, inauma ama haiumi, kuna kitu kinachomoza ama hakuna, naenda choo mara ngapi kwa wiki. Ukiogopa kusema andika kwa karatasi umpatie, tunasoma. Unaweza kuomba mhudumu wa jinsia yako ama mtu wa kukaa na wewe, na hiyo ni haki yako. Utalala kwa ubavu wa kushoto, magoti juu kifuani, umefunikwa shuka, atavaa glavu apake jeli, aangalie kwa nje kisha kwa kidole kimoja, pengine na kijibomba kifupi chenye taa. Inakera lakini kwa kawaida haiumi sana, na ikiuma mwambie asimame. Ni dakika mbili tatu tu, unavaa nguo, mnaongea.